Suka Mwenye Sukari

Hapa kwa Mangi nadaiwa elfu nne na mia tano, kwa hiyo nikiongea naongea taratibu, nisije nikakumbushwa. Lakini hili lazima niliseme. Mwenzenu niliitwa kwenye semina. Usicheke. Sikuitwa kukaa nyuma nikisubiri chai. Niliitwa kufundisha.

Jamaa aliyepiga simu alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi. Akasema wana watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanakutana hapahapa Tabora mjini Jumamosi, wanatafuta mtu wa kutoa mada ya kuchagua kazi. Awe mtu anayechoma sindano mwenyewe. Awe na uzoefu mpana wa ajira. Nikamwambia kaka, umefika. Uzoefu wangu ni mpana mpaka hauna kingo. Kazi tano ndani ya miaka minane, na sijaacha hata moja, zote zimeniacha zenyewe. Akaniuliza nachaji kiasi gani. Nikasema posho tu inatosha. Mjinga mimi. Hapo kwenye "tu" ndipo nilipopigwa.

Basi siku tatu nzima naandaa mada. Daftari mkononi, makalio kwenye benchi la Mangi. Na hili benchi mnalijua, kila anayekuja kununua vocha ni daktari. "Waambie waache soda." Mzee wangu, hawakuugua kwa soda. "Waambie wanywe mlonge." Mlonge nimeunywa mpaka jasho likawa la kijani. "Mimi shemeji yangu alikuwa nayo, akaacha ugali, ikaisha." Shemeji yako alikuwa na ile ya aina ya pili, ya ukubwani, insulini anayo ila mwili unaifanyia kiburi. Hii yetu kongosho limefunga duka. Nilivyoelewa mimi, na baiolojia nilipata F, ulinzi wa mwili wenyewe ndio uliolivamia. Ni kama sungusungu, na sungusungu chimbuko lao si mbali, ni hukuhuku kwetu Wanyamwezi na Wasukuma. Wamekesha wanatafuta mwizi, mwizi hawamwoni, wakamkamata mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba hayupo, insulini naingiza mimi kwa sindano, asubuhi na jioni, mpaka nife. Nikiacha, hiyo "mpaka nife" inakuja haraka.

Nimeeleza yote hayo, koo limekauka. Mangi amesikiliza kwa makini, ameegemea kaunta. Akaniuliza, "Kwa hiyo chai yako niweke sukari au nisiweke?"

Sasa ukweli ni kwamba mimi nilitaka kuendesha treni. Mtoto gani wa Tabora hakutaka? Reli ya Mjerumani ilifika hapa 1912, ikagusa Kigoma 1914, Mwingereza naye akaja akaipeleka Mwanza 1928. Sisi tumezaliwa kwenye njia panda. Honi ya treni ndiyo saa yetu. Nilikuwa nasimama pale kwenye geti la reli na kaptula iliyotoboka, nampungia dereva, dereva hanipungii. Nikasema iko siku na mimi sitampungia mtu.

Kidato cha tatu nikaanza kukonda. Nakunywa maji ndoo, nakojoa ndoo. Mwalimu wa zamu akaniandika kwenye kitabu cha watoro, eneo la utoro: chooni. Bibi akasema nimetupiwa, akataja na jirani aliyetupa. Nikazimika paredi, nikaamkia wodini nina dripu, na daktari anamweleza baba. Baba alisikiliza mpaka mwisho kabisa, kongosho, sindano, maisha yote. Swali lake likawa moja: "Na kazi je?"

Kikao cha ukoo kikakaa. Mimi sikualikwa, nilikuwa nachungulia dirishani. Treni, hapana, atalala abiria wafike Burundi. Jeshi, hapana. Hapo sina ubishi, majeshi mengi duniani hayamchukui mtu wa insulini, na mimi mwenyewe sijui porini ningeomba friji kwa nani. Kupanda minara ya simu, hapana. Mgodini, hapana. Dereva, hapana. Wakafuta, wakafuta, mwisho zikabaki mbili, ualimu na kukaa dukani. Ualimu unataka maksi. Duka linataka mtaji. Kikao kikafungwa kwa sala.

Nikakua hivyohivyo. Leseni nikapata, na mchongo wa kwanza ukaja, basi. Kampuni jina nalihifadhi kwa sababu bado napanda mabasi yao. Bosi ananipa fomu, kuna mstari unasema "magonjwa". Mimi na ukweli wangu wa kanisani nikaandika: kisukari aina ya kwanza. Bosi akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Aina ya kwanza maana yake ndiyo kali kuliko zote?"

"Hapana bosi, ni jina tu."

"Ungekuwa na ya pili ningekufikiria. Lakini ya kwanza kabisa? Kijana, suka mwenye sukari sijawahi kuona."

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nilikuwa naomba kazi. Kwa huruma akanipa ukonda. Nikasema sawa, kukonda si nilishakonda. Njia ya Urambo na Kaliua. Siku ya nne, stendi ya Urambo, saa ya sindano imefika. Nimejibanza siti ya nyuma, nimenyanyua shati, nimeshika nyama ya tumbo, nachoma. Mama mmoja mwenye kuku akageuka. Kwanza alipiga kelele yeye, halafu kuku. "Konda teja! Konda teja!" Basi zima limesimama. Najaribu kueleza sungusungu na mwenye nyumba, nani anasikiliza? Nilirudi Tabora nimepanda lori la tumbaku, juu ya marobota, na kichupa changu nimekifunga kwenye kitambaa kibichi kisipate joto.

Binamu yangu anayesomea sheria alikasirika kuliko mimi. Akanitumia kifungu kwenye simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, mwajiri asibague. Imetaja ulemavu, imetaja virusi vya ukimwi, ujauzito, umri, mpaka hali ya maisha ya mtu. Kisukari kwa jina sikukiona, nimesoma mara mbili huku nampakulia binamu wali. Halafu chini yake kuna kamlango. Kama sifa fulani inahitajika kwa asili ya kazi yenyewe, huo si ubaguzi. Sasa nani anajua asili ya kazi? Bosi. Nikafunga simu.

Kilichoniuma ni kusikia ya wenzetu. Uingereza tangu 2012 mtu wa insulini anaruhusiwa kurusha ndege ya abiria. Ndege, ndugu yangu! Anajipima kabla ya kuruka, akiwa hewani anajipima kila saa, namba anaziandika, na rubani mwenzake yuko pembeni. Marekani madereva wa malori makubwa walikuwa wanaomba ruhusa maalumu, 2018 wakaondoa hilo, daktari anayekutibu anajaza fomu ya vipimo vyako, unakaguliwa, unaondoka na lori. Mimi hapa nimenyimwa basi la Kaliua linalosukumwa ndipo liwake.

Lakini nikiri, maana Mangi yuko hapa na anajua. Mwaka uliofuata nilikamata bodaboda ya mtu. Siku hiyo nimechoma sindano, sijala, abiria kaja, pesa ni pesa. Akasema Isevya. Nikaondoka vizuri. Baadaye naona kona ninayoijua. Tena naijua. Tena. Abiria ananigonga begani, "Kaka, hii ni mara ya tatu tunapita kwa huyu muuza miwa." Mimi namjibu kwa heshima zote kwamba tunakaribia Urambo. Akachomoa funguo yeye mwenyewe. Yule muuza miwa ndiye aliyeniokoa, alinipa kipande, nikatafuna barabarani kama mbuzi, watu wamejaa. Sukari ikishuka chini ya nne unaanza kutoka jasho, unatetemeka, ubongo unahama nyumba, na kwa nje unafanana na mlevi kabisa. Waingereza madereva wao wa insulini wana msemo wa tano: chini ya tano usiwashe gari, kula kwanza. Na safari ndefu, kila saa mbili simama upime. Mimi mashine ya kupimia nilikuwa nayo. Ilikuwa nyumbani, kwenye kabati, nimeifungia isiibiwe.

Pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Mjomba akanichukua kwenye asali.

Ndiyo, asali. Mtu wa kisukari kwenye asali ya Tabora. Wamenitania mtaa mzima wiki mbili, nimezoea. Mjomba anaweka mizinga kwenye miombo huko Sikonge. Kupiga mizinga nilikuwa naijua tangu zamani, muulizeni Mangi. Kurina ndiyo nilikuwa siijui. Tunarina usiku, moshi, panga, kamba. Mjomba akasema mimi ni mwepesi, nipande. Nimekula michembe kidogo, nimetembea kilomita sijui ngapi, na kutembea kunakula sukari kama kodi ya nyumba. Nimefika juu ya mti, nimekumbatia tawi, nasikia mikono si yangu. Sukari imeshuka, mimi nimebaki juu. Mjomba chini anaita, "Vuta sega! Vuta!" Nikavuta. Sikumpa, nikala. Nimekula sega na nta yake na vifaranga vya nyuki ndani, gizani, nyuki wananichoma mdomo. Fuata nyuki ule asali, wahenga walisema, hawakusema nyuki nao watakula nini. Baada ya robo saa akili ikarudi nikajitambua niko wapi, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana naogopa urefu.

Tukashushana. Mjomba akanihamishia kwenye kuuza, meza barabarani, chupa za lita. Wateja wanauliza, "Ni asali mbichi kweli?" Namjibu ni mbichi. "Umeionja?" Hapo panaharibika. Nikisema nina kisukari, wanaamini asali yenyewe ndiyo iliyoniletea.

Ulinzi wa usiku nao nilijaribu, godauni moja la hapa mjini. Sina la kusimulia. Usingizi wa mchana, chakula cha saa nane usiku, sindano haijui zamu. Waliniamsha wezi.

Nikaona nirudi kwenye asili yetu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, ukoo mzima unajisifia hilo. Enzi hizo kijana wa Kinyamwezi kama hajaenda pwani na mzigo kichwani, wasichana hawamhesabu. Pembe za ndovu kushuka Bagamoyo, vitambaa na shanga na nyaya za shaba kupanda huku. Mzigo kama frasila mbili, kilo thelathini na ushee, miezi mitatu njiani. Basi mimi nikawa nawasindikiza wageni wa hapa na pale kwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Kazi rahisi, unaonesha mlango, unaonesha mwembe, unasema ya kale. Mpaka nikampata mzungu mmoja mtulivu, mzee, na kofia. Nikamsimamisha kwenye mlango wa tembe. Nikanyoosha mkono. Nikasema, hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone.

Yule mzee akafungua mkoba, akatoa kitabu.

Kumbe walikutana Ujiji, huko Kigoma, 1871. Hapa Kwihara walifika pamoja mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki kungoja wapagazi mpaka Agosti. Mzee akanifundisha kwa upole, nimesimama kwenye nchi ya babu zangu nikiwa mwanafunzi. Nikaona aibu, nikabadilisha mada, nikamwambia habari ya sindano zangu. Naye akaniambia kitu kimeniganda mpaka leo. Mwaka 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa la Livingstone. Kwinini yote. Na Livingstone wa watu alijua palepale kwamba maisha yake yamefupishwa. Miaka sita baadaye akafa, huko Zambia ya leo. Mwili wake watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mpaka pwani, na walipita hapahapa Unyanyembe.

Usiku ule nikafungua chungu changu. Sina friji, naweka kichupa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, Oktoba nalowesha mara mbili kwa siku. Nikakiangalia kile kichupa. Nikajiwaza na mimi kwenye msafara. Ningetoka Bagamoyo na frasila zangu mbili, kiu imenishika, nakojoa kila mti. Halafu tunaingia Mgunda Mkali, lile pori la kutoka Ugogo kuja huku, ambalo misafara iliogopa kwa kukosa maji. Mimi ambaye namaliza ndoo! Lakini najidanganya, nisingefika hata Mpwapwa. Insulini yenyewe wameipata Toronto 1921, mtu wa kwanza kuchomwa ni kijana wa miaka kumi na minne, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye hii yetu alikuwa anakonda mpaka anaisha, kazi yoyote asichague. Na wale wagunduzi hati yao waliiuzia chuo kwa dola moja moja. Dola moja! Hapo ndipo nilipoona kwamba duniani kuna watu wajinga wa posho kuliko mimi.

Mwishoni mzee aliniachia bahashishi nzuri tu. Aliyemleta kwangu, mwenye gesti, aliposikia habari ya Ujiji, hakuniletea mgeni tena.

Haya, Jumamosi. Nimevaa shati la harusi ya mdogo wangu. Ratiba ukutani: saa nne chai. Mimi nimechoma sindano saa moja, nikala kipande cha muhogo tu, nikatunza tumbo kwa ajili ya chai ya semina, maana tetesi zilisema kuna sambusa za nyama. Saa nne ikafika, chai hamna. Mgeni rasmi yuko njiani. Saa tano, mgeni rasmi bado yuko njiani, na chai haianzi bila yeye. Saa sita kasoro wakasema, mtoa mada aanze tu.

Nikaanza. Watoto kama arobaini, wazazi nyuma. Nilikuwa nimepanga mifano miwili mikubwa. Wa kwanza Nacho aliyekuwa Real Madrid, aliyeambiwa na daktari akiwa na miaka kumi na miwili kwamba mpira basi, halafu akachukua Ligi ya Mabingwa mara sita. Wa pili Theresa May, aligundulika 2013, 2016 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza, akichoma zake sindano na nchi ikiendelea kugombana. Ndivyo ilivyo kwenye daftari.

Kilichotoka mdomoni nimesimuliwa baadaye. Inasemekana nilianza vizuri. Halafu nikawaambia kwamba Nacho alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, mchapakazi sana. Kwamba mama Theresa May alikaba namba tano pale Real Madrid na alikuwa hapitiki. Jasho linanichuruzika, shati la harusi limelowa. Wazazi wanaandika. Nikawaambia tunakaribia Urambo.

Mstari wa mbele kuna binti, darasa la tano hivi, nywele kipara cha shule. Akasimama, hakunyoosha mkono.

"Anko, umepima?"

Nikamwambia shikamoo.

Akanikalisha. Akafungua kibegi chake, akanitoboa kidole kabla sijakikunja, akaweka tone kwenye stripu. Stripu yake mwenyewe, na mnajua bei yake. Mbili nukta sita. Akamwambia mama yake alete soda, ile yenye sukari, akaniangalia nimekunywa nusu. "Sasa robo saa, halafu tunapima tena." Ukumbi kimya. Nikaona nitumie muda huo kazini, nikamuuliza, na wewe ukikua unataka kazi gani?

"Kuendesha treni. Hii ya umeme inayojengwa."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kusema, nina kikao kizima cha ukoo kichwani.

"Anko, usiongee. Bado dakika tisa."

Akapigiwa makofi. Mgeni rasmi akaingia katikati ya makofi, akadhani ni yake, akapunga mkono. Chai ikatoka. Sambusa zilikuwa za viazi.

Jioni nikaenda kwa mhasibu. Nikasaini fomu ya posho, mkono bado una mawimbi. Akaweka fomu pembeni ya kitambulisho changu, akakunja uso. "Mtoa mada, sahihi hazifanani. Hii ni ya mtu anayetetemeka."

"Nilikuwa natetemeka, dada. Ndiyo mada yenyewe."

"Rudi Jumatatu ukiwa umetulia."

Jumatatu nikajipima kabla ya kutoka. Sita nukta nne, namba ya rubani kabisa. Nimekula, nimekaa, mkono umetulia kama wa fundi saa. Nikasaini polepole, herufi moja moja, nzuri, mpaka mkia wake. Akaichukua, akaiangalia sana, akafungua faili.

"Sasa hii haifanani na ya Jumamosi."

Mangi, nimekwambia elfu nne na mia tano naijua. Niandikie na chai. Ndiyo, leo weka sukari, niko tatu nukta saba.